Chaji ya bure isikupandishie bei ya gari

Kama umekuwa ukichungulia bei za Nissan Leaf mtandaoni siku hizi (na najua mko wengi, mafuta yalivyo), lazima umekutana na ile sentensi. Picha sita za gari, namba ya simu, halafu chini kabisa kwa herufi kubwa: PAMOJA NA CHAJI YA BURE. Wakati mwingine ni jengo la maduka lililoweka kituo cha kuchaji na halitozi wateja. Wakati mwingine ni kadi ya kampuni fulani. Wakati mwingine muuzaji mwenyewe ana yadi na anakuambia, "Bosi, wewe njoo uchomeke hapa saa yoyote."

Maoni yangu nayasema mapema. Hiyo chaji ya bure usiilipie hata shilingi moja juu ya bei ya gari kabla hujaipigia hesabu. Na ukishaipigia utashangaa ilivyo ndogo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiogope, hesabu zangu ni za dukani. Leaf ikiendeshwa mjini inakwenda karibu kilomita 6 kwa uniti moja ya stima. Ukienda kilomita 1,000 kwa mwezi utatumia uniti 167 hivi. Stima ya nyumbani, ukijumlisha zile kodi na tozo zote zinazokuudhi kila ukinunua tokeni, tuseme ni Sh30 kwa uniti. Hiyo ni Sh5,000 kwa mwezi. Gari la petroli linalokwenda kilomita 14 kwa lita lingekunywa lita 71 kwa safari hizo hizo, na petroli ikiwa Sh180, unazungumzia karibu Sh12,800.

Sasa angalia pesa ziko wapi. Karibu Sh8,000 unaziokoa kwa kuachana na petroli tu, hata kama unalipia kila uniti. Chaji ya bure inakuja kupigania zile thao tano zilizobaki. Na inazipata zote ikiwa tu hutachaji nyumbani hata siku moja.

Tuseme basi muuzaji amekuongezea Sh150,000 kwa sababu ya hiyo "bure". Kama kila uniti yako itakuwa ya bure, utarudisha pesa zako baada ya miezi 30. Kama robo tu ya chaji zako ndizo zitakuwa za bure, jambo ambalo ndilo la kawaida kwa mtu anayepita dukani wikendi, itakuchukua miaka kumi. Miaka kumi, na gari lenyewe ulilinunua likiwa na miaka saba!

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawasemi, nadhani wengi wao hawalijui. Gari la umeme lina chaja yake ndani. Kile kisanduku ukutani kinaleta stima tu. Kazi ya kuigeuza iingie kwenye betri inafanywa na chaja ya gari, na kasi yake ndiyo kasi yako. Leaf nyingi zilizouzwa Japani zina chaja ya kilowati 3. Ile ya kilowati 6 ilikuwa ya kuagiza na kuongeza pesa. Kwa hivyo hata kituo kikiwa kimeandikwa kilowati 22 kwa rangi ya kijani kibichi, Leaf yako inavuta 3 polepole kama mzee na uji wake. Kilowati 3 kwa saa moja ni uniti 3. Uniti 3 ni Sh90.

Rudia hiyo namba. Saa moja ya chaji ya bure ni Sh90. Ukikaa dukani saa mbili umeokoa Sh180, na hapo hujalipia maegesho, na hujanunua chipsi kwa sababu umekaa tu ukinusa harufu yake. Wenye maduka si wajinga. Wanajua utakula.

Nina rafiki anayeendesha teksi za mtandaoni, gari la kukodi, na sasa anatafuta lake kwa mkopo wa Sacco. Alikuwa ameonyeshwa Leaf ya kizazi cha kwanza, betri ya kilowati-saa 24, na muuzaji akamwimbia chaji ya bure mpaka ikamwingia. Tukakaa na kalamu. Yeye anazunguka kilomita 200 kwa siku. Betri ya 24 iliyochoka mpaka asilimia 70 inakupa kama kilomita 100, ukibahatika. Ina maana katikati ya siku lazima asimame ajaze tena, na kwa kilowati 3 kujaza uniti 16 ni zaidi ya saa tano. Saa tano za kazi, akiwa amezima simu ya wateja, ili aokoe Sh480. Nilimuuliza kama kuna dereva wa Nairobi anayeweza kukubali mshahara wa Sh90 kwa saa. Hakunijibu, aliagiza chai.

Kuna chaji ya kasi, ndiyo. Ile inayopita kando ya chaja ya gari na kumimina moja kwa moja kwenye betri. Hapa tena kuna shimo. Leaf inatumia tundu la Kijapani linaloitwa CHAdeMO. Magari ya Ulaya yanatumia CCS2, na mengi ya Uchina yametoka na GB/T. Hapa kwetu magari mapya yanayoingia mengi si ya CHAdeMO, na anayeweka kituo leo anawawekea wale wanaokuja kesho. Unaweza kuendesha hadi kwenye kituo cha bure, ukafungua kifuniko, na plagi isiingie. Hata kwa chaji ya polepole, Leaf ya Japani ina tundu la Type 1, na vituo vingi ni vya Type 2, kwa hivyo utahitaji waya wake maalumu. Kabla ya kulipa, nenda na gari hilo hilo mpaka kituo hicho hicho ulichoahidiwa. Chomeka. Ngoja dakika kumi uone namba ikipanda. Picha ya WhatsApp ya gari lingine likichaji haikusaidii.

Tuje kwa neno "bure" lenyewe. Ni la nani? Je, ni la gari, ni la mwenye gari, au ni la mwenye kituo? Watu wanachanganya hapa na ndipo wanapopotezea pesa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Tesla. Model S za mwanzo ziliuzwa na chaji ya bure katika vituo vya kampuni, bila kikomo. Kwa magari hayo ya zamani haki hiyo ilifuata gari, kwa hivyo mtu akimuuzia mwenzake, bure inaendelea. Lakini gari likirudishwa kwa Tesla na Tesla ikaliuza tena, linatoka bila haki hiyo. Baadaye kampuni ikaanza kutoa bure ya kumfuata mnunuzi wa kwanza, si gari. Kwa hivyo huko Marekani unaweza kukuta Model S mbili zinazofanana kabisa, moja ina chaji ya bure na nyingine haina, na kwa macho hutazitofautisha. Na dereva wa teksi asikie vizuri: kuanzia mwisho wa 2017, Tesla iliwakataza wanaonunua magari yake kutumia vituo hivyo kwa biashara ya kubeba abiria.

Kwingine bure ilikuwa ya serikali za mitaa, na yenyewe ikaisha. Oslo, mji uliobembeleza magari ya umeme kuliko karibu mji wowote, ulianza kutoza kwenye vituo vyake mwaka wa 2019. Scotland halmashauri nyingi zilitoa chaji bila malipo, kisha moja baada ya nyingine zikaweka bei. Si uovu. Magari yakiwa kumi, stima yao ni pesa ndogo ya kujitangaza. Yakiwa elfu kumi, ni bili.

Na usidhani haya ni ya ng'ambo tu. NopeaRide ilianza teksi za umeme hapa Nairobi mwaka wa 2018 ikitumia Leaf, na ikawa na sehemu zake za kuchajia kwenye majengo ya maduka. Kufikia mwisho wa 2022 ilikuwa imefunga. Kampuni ikifunga, waya wake hauna mtu wa kuuliza.

Kuna upande mwingine wa bure ambao sijaona ukizungumzwa, nao ni bure aliyoila mwenye gari wa kwanza. Japani, Nissan ilikuwa na mpango wa wanachama ambao kwa yen 2,000 kwa mwezi unachaji kwa kasi mara nyingi upendavyo. Mpango huo ulifungiwa wateja wapya mwishoni mwa 2019. Ukiwa na kadi kama hiyo, kwa nini uchaji nyumbani? Unapita kituoni kila siku. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, inategemea hewa tu, na chaji ya kasi inaipasha moto. Sisemi kila gari lililochajiwa kwa kasi limeharibika. Mtaani hilo linatiwa chumvi. Joto ndilo adui mkubwa, na chaji ya kasi ya mara kwa mara inalialika. Lakini mimi ningetaka kujua.

Na kujua ni rahisi. Kuna programu ya simu inaitwa Leaf Spy. Unanunua kifaa kidogo cha Bluetooth, unakichomeka chini ya usukani, na simu inakuonyesha afya ya betri kwa asilimia na idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa kasi na kwa polepole. Usiridhike na vile vipau 12 vya kwenye dashibodi. Kipau cha kwanza kinadumu mpaka betri ipoteze karibu asilimia 15, kwa hivyo "vipau vyote viko" inaweza kuwa betri mpya au betri iliyokwisha kuanza safari. Muuzaji akikataa uchomeke hicho kifaa, ondoka. Yadi ni nyingi.

Ukinipa Sh150,000 za kuongeza, nitaziweka hapo: kwenye betri. Tofauti kati ya betri ya 24 iliyochoka na ya 40 iliyo na asilimia 85 ni kilomita 100 kila siku, kwa miaka. Hakuna kituo cha bure kitakachokupa hilo.

Je, chaji ya bure haina thamani kabisa? Ina. Kama mwajiri wako ana soketi kwenye maegesho na amekuruhusu kwa maandishi, umetulia. Gari linakaa saa nane ukifanya kazi, linavuta uniti 24, hupotezi muda, huli chipsi. Hiyo ni Sh60,000 kwa mwaka kwa yule mtu wetu wa kilomita 1,000. Lakini hapo pia, thamani hiyo imetoka kwa mwajiri wako. Muuzaji wa gari hana haki ya kukutoza kwa ajili yake. Na ihesabu kwa urefu wa kandarasi yako, usiipe miaka mitano kama umeajiriwa kwa miezi sita.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wa Roysambu, Pipeline, Kasarani, wanaoishi ghorofa ya tano na gari linalala chini bila soketi hata moja karibu. Kwa hao chaji ya bure si nyongeza, ndiyo tanki lenyewe. Nimesikia watu wakisema, "Mimi sina pa kuchajia kwangu, lakini kuna pale dukani bure." Huyo ndiye mtu asiyefaa kabisa kununua kwa ahadi hiyo, kwa sababu siku foleni ikiwa ndefu, au mtu wa Prado akiegesha mbele ya plagi (na ataegesha), gari limekwama. Ongea na landilodi kwanza, kabla hujaongea na dalali. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya stima ya magari ya umeme, Sh16 kwa uniti na Sh8 saa za usiku ambapo matumizi ni madogo, kabla ya tozo. Inahitaji mita yake peke yake. Landilodi akikubali mita moja kwenye maegesho, wapangaji watatu wenye magari mnaweza kuigawana, na hiyo itakaribia bure kuliko bure ya dukani. Akikataa, labda mwaka huu si wako wa gari la umeme. Subiri.

Yule rafiki yangu wa teksi aliachana na ile ya 24. Anafuatilia moja ya 40, chaja ya kilowati 6, haina ahadi yoyote ya bure. Kinachomchelewesha ni landilodi, ambaye bado anauliza kama hiyo mita haitawaka moto usiku.