Waya Mpya, Sikio Lile Lile

Kirua Vunjo, kama kwingineko, wapo wapenzi wa muziki wanaoshawishika kuwa waya mnene wa umeme, wenye bei kubwa, utaboresha sauti ya redio sebuleni. Mnunuzi huuchomeka, huketi, husikiliza, na husikia tofauti. Hasemi uongo. Hata hivyo, tofauti hiyo haitoki kwenye waya.

Umeme hupita kilomita nyingi za gridi ya taifa kabla ya kupanda mlimani, nguzo kwa nguzo. Mita moja ya mwisho haiwezi kuutakasa. Tena, ndani ya redio, umeme huo wa volti 230 hupunguzwa, hugeuzwa kuwa mkondo wa upande mmoja, kisha husawazishwa kabla ya kuendesha spika. Waya wa kawaida ulio mzima na unaomudu mzigo unatosha. Uliochubuka au kulegea ubadilishwe kwa kuhofia moto, si kwa kutafuta utamu wa sauti.

Tabibu wanalifahamu jambo hili tangu zamani. Mwaka 1799, mjini Bath, Uingereza, Dkt. John Haygarth alivipima vijiti vya metali vya Mmarekani Elisha Perkins, vilivyosifiwa kuondoa maumivu. Alitumia vijiti vya mbao vilivyofanana navyo. Kati ya wagonjwa watano, wanne walieleza kupata nafuu. Nafuu waliihisi kweli. Sifa ya metali ndiyo iliyokosa ukweli.

Mwenye shaka na ajaribu nyumbani: mwenzake achague waya kwa kurusha sarafu, mara kumi, bila msikilizaji kuona, na sauti isiongezwe wala kupunguzwa. Anayebahatisha tu hupatia takriban mara tano.

Redio ikikosewa, hasara ni fedha. Mwili ukikosewa, hasara ni uhai. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Mgonjwa anayeacha vidonge kwa sababu dawa aliyouziwa sokoni imemfanya ajisikie mzima, anaamua kwa hisia jambo linalohitaji kipimo. Mhudumu wa afya asimcheke, kwani anachokihisi anakihisi kweli. Amsikilize, amfunge mashine ya presha mkononi, kisha wasome namba hizo pamoja.