Tusiwalaumu Waliochoka

Mkulima wa Natta, wilayani Serengeti, hurejea kutoka shambani jua likikaribia kuzama. Mkewe hurejea naye, lakini kazi yake haijaisha: maji hayajatekwa wala chakula hakijapikwa. Ukimwuliza mama huyo kama hufanya mazoezi wakati wa mapumziko, atakujibu kuwa hafanyi. Je, tumwite mvivu?

Sisi tunasema hapana. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kuwa asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakuushughulisha mwili kwa kiwango kinachotakiwa mwaka 2022. Wanawake asilimia 34, wanaume asilimia 29. Kiwango hicho ni dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo kama wa kutembea haraka. Lakini jasho la shambani, la nyumbani na la safari ya miguu nalo huhesabiwa. Mwenye jembe huzitimiza dakika hizo mapema. Ndivyo walivyo pia ndugu zetu wa kisiwa cha Ukara, wabebao samadi na majani ya ng'ombe.

Hatari iko kwa yule aliyeliacha jembe bila kulipatia badala. Pikipiki imechukua nafasi ya miguu, na injini nafasi ya kasia. Ofisa huketi kitini kutwa, hurudi nyumbani kwa gari, kisha huketi tena. Yeye ndiye mwenye mapumziko, na yeye ndiye shinikizo la damu na kisukari vinayemnyemelea.

Hata hivyo, nia peke yake haitoshi. Umri, aina ya kazi, uhaba wa viwanja na mzigo wa nyumbani huwazuia wengi. Visiwani ardhi ni finyu, na kiwanja cha wazi hakikosi wa kukitamani. Tena mwanamke mtu mzima akikimbia barabarani, huchekwa.

Historia ya Natta yenyewe inatufunza. Zamani watu wa rika moja waliizunguka nchi yao kwa miguu, kwa imani ya kuiponya. Mwendo huo ulikuwa wa wote, na ulitengewa wakati wake.

Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Agizo hilo lina maana pale tu viongozi wanapotangulia.

Kwa hiyo tunazitaka Halmashauri za Serengeti, Tarime na Ukerewe zifanye mambo matatu. Zipime viwanja vya vijiji na kuvilinda visimegwe. Zisogeze maji karibu, ili mama naye apate saa yake mwenyewe. Na maofisa wake washuke garini, watembee pamoja na wananchi.

Anayehimiza mazoezi hana budi kwanza kuhakikisha kuwa anayehimizwa anayo nafasi ya kupumzika.