Amri ya Kubeba Askari Iandikwe
Ng'ambo ya Ziwa Mweru, ukitoka Nchelenge, upo mji wa Kilwa nchini Kongo. Mwezi Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji huo. Wakazi wengi walikimbia, wengine wakavukia upande wa Zambia. Jeshi lilipoukomboa, watu zaidi ya 70 waliuawa, baadhi yao kwa kupigwa risasi pasipo kuhukumiwa.

Baadhi ya askari walipelekwa kwa ndege iliyokodiwa na kampuni ya Anvil Mining. Viongozi wake walijitetea kwamba serikali ndiyo iliyoamuru. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia watumishi wake watatu; lakini Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliitia serikali ya Kongo hatiani, ikaagiza fidia ya dola milioni 2.5.

Amri ya serikali ni amri, hilo hatubishi. Hata hivyo, kiongozi wa kampuni ya ndege au helikopta aombwapo kubeba kikosi hana budi kudai amri iliyoandikwa, yenye jina la afisa, idadi ya askari na shughuli yao. Naye afisa anayesita kuiandika, wakubwa wake wamwulize anaficha nini.