Koti Moja, Watu Wane



Sisi tunaoshika ufunguo wa dortuari ya wavulana tunaona mambo mengi, na zaidi tunanyamaza. Hii mara hatutanyamaza.

Kisha vakansi ya Pasaka, mbele telefone zote zifungiwe mu kabati ya prefe, kila mutu alikuwa anaonyesha picha zake za ku WhatsApp na Facebook. Tuliona koti moja ya bluu ku picha za watu wane. Wane! Tunaijua ile koti: ni ya kaka ya mwenzetu mumoja, na ku mukono wa kushoto iko na alama ya kuungua na pasi. Wote wane walificha ule mukono nyuma, kama vile walipatana. Tulicheka sana.

Lakini kisha siku mbili mumoja wa wale wane alikuja usiku kuketi ku kitanda yetu. Akasema ya kama anaona haya kuingia mu kilasi, juu wenzake wote wameendelea, yeye peke yake amebaki nyuma. Tukamuuliza, wenzako gani? Akataja majina tatu. Walikuwa wale wengine wa koti! Tukamukumbusha: ndugu, si hata wewe uliivaa? Akajibu: "Najua, kapita. Lakini wao, inawakaa vizuri."

Hatukupata jibu. Na tangu siku ile tunaona ya kama wakubwa wetu wanakosea kidogo wanapotuambia kwamba picha ni uongo, basi tusizijali. Uongo tunaujua, ni sisi tunaoufanya. Mutu anajua mambo yaliyo nyuma ya picha yake mwenyewe: deni, njaa, ugomvi wa asubuhi ku nyumba. Ya mwenzake hayaoni. Basi anapima nyumba yake yote, pamoja na jiko na choo, na baraza ya mwenzake iliyofagiwa. Hata kama akili inajua, moyo unapima tu.

Wengine watasema hata wazee walifanya vile. Ni kweli. Babu yetu iko na picha ya mwaka 1974, amevaa abakosti, na abakosti ilikuwa ya mupiga picha. Lakini ile picha ilitundikwa ku ukuta wa nyumba, na kila mugeni aliyeiona aliona vilevile babu mwenyewe, na kaptura yenye kiraka, anamenya mihogo. Na hakuna aliyehesabu. Sisi tunahesabu. Tangu mwaka 2009 Facebook iko na kile kifungo cha kidole gumba. Ku WhatsApp statu inaishi saa 24 tu, lakini ndani ya zile saa inakuonyesha majina ya watu walioitazama. Tuungame: wakati wa vakansi sisi, kapita muzima, tulikesha mpaka saa nane ya usiku tukingojea jina moja. Majina 43 yalikuja, lile moja halikuja. Asubuhi tulijiona kama mutu aliyefukuzwa. Baadaye tukasikia ya kama mwenyewe hakuwa na mega.

Kwa dada zetu ni nguvu zaidi. Telefone nyingi zinalainisha ngozi na kuitakatisha, hata mutu hajaomba. Musichana anazoea uso ule, kisha anajitazama mu kioo na kuona uso wake ni kosa. Na ku soko mafuta ya kutakatisha ngozi yanamungojea. Wenye mashini hizi walijua. Mwaka 2021 gazeti la Marekani, Wall Street Journal, lilitangaza maandishi ya siri ya Facebook, yaliyotolewa na Frances Haugen aliyekuwa mutumishi wao. Mule wasichana 32 kwa 100 walisema ya kama, walipoona mwili wao vibaya, Instagram iliwazidishia.

Je, prefe aongeze kufuli? Hapana. Yule ndugu alilia wakati telefone yake ilikuwa tayari ndani ya kabati.

Tunaomba kitu kingine. Kila mwaka, siku ya kuagana, wafinalisti wanaazima nguo na viatu, na tunajua mumoja aliyempa mupiga picha feza ya minervali. Hii mwaka tupige picha moja tu, wote pamoja, ku ngazi za kanisa, na shati nyeupe na bluu ya masomo, na viatu vile kila mutu iko navyo. Mupiga picha amekubali kutoa kila mutu yake ya karatasi.

Mpaka leo watu 11 wameandika majina, na sisi tuko 38. Yule wa koti hajaandika. Liste iko ku mulango wa dortuari mpaka Ijumaa.

Kapita wa internati, mwaka wa mwisho