Damu ya plastiki? Wadau, tusome vizuri kwanza

Wadau, kuna picha inazunguka tena kwenye simu: vidude vya duara vilivyobonyea katikati, na chini yake imeandikwa "Wazungu wametengeneza damu". Mdogo wangu ana selimundu. Kanitumia na swali moja tu: "Kaka, itafika lini?" Ikabidi nitafute chanzo.

Kwanza, habari yenyewe ni ya Desemba 2009. Ni kazi ya Samir Mitragotri na wenzake, enzi hizo akiwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara (jamaa ana asili ya India, hao "Wazungu" sijui wametoka wapi). Pili, sio damu. Ni chembe za polima zinazoiga chembe nyekundu za damu.

Walianza na PLGA, plastiki inayoyeyuka mwilini, hata nyuzi za kushonea vidonda hutengenezwa nayo. Wakaipa umbo la chembe nyekundu, wakaivisha tabaka za protini, halafu wakaiyeyusha ile plastiki ya ndani. Kikabaki kiganda laini. Huo ulaini ndio mpango mzima. Chembe yako nyekundu ina upana wa mikromita 7 au 8 hivi, lakini inajikunja na kupenya mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Ikiwa ngumu inakwama, au wengu linaikamata. Mdogo wangu hahitaji kufundishwa hili, zake zinakakamaa na kuziba njia, ndiyo yale maumivu ya usiku.

Mwaka 2011 timu ya Joseph DeSimone kule North Carolina walijaribu chembe za aina hii kwa panya. Walipozilainisha mara 8, muda wa kuondoka kwenye damu ukaongezeka zaidi ya mara 30.

Sasa faida yake? Za Mitragotri zilibeba oksijeni maabara, ni kweli. Ila zinaweza pia kupakiwa dawa, au punje za oksaidi ya chuma zinazosaidia mashine ya MRI kuonyesha picha vizuri. Yaani ni gari la mizigo. Hilo nalo si dogo, jamani, ila ukiandika "chembe za kusaidia MRI" nani atabofya? Ukiandika "damu", mgonjwa anaanza kuhesabu siku.

Nikamweleza yote hayo. Akajibu: "Sawa. Kwa hiyo Jumatatu kliniki kama kawaida."

Wenye ndugu wa selimundu, nyie huwa mnawajibuje? Andikeni hapo chini.