Mtoto kufundishwa nyumbani: mpaka lini?

Hapa Kilembwe, kwa sisi Waislamu, mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mama yake. Baba anashinda ku shimo, mara ingine juma mbili hajarudi. Mama anaandika alifu, be, te kwa makaa juu ya kibao, mtoto anarudilia. Kisha wanahesabu maharagi. Kazi hiyo ni nzuri sana, na sisi wababa hatuishukuru vya kutosha.

Shida inaanza mtoto akifika miaka sita. Wababa wenzangu, hapo tunajidanganya. Tunasema "iko anasoma nyumbani", kumbe asubuhi anabeba mchanga, mchana anausafisha ku mtoni, jioni sura moja, analala. Hiyo ni masomo?

Tangu 2019 serikali ilisema shule ya primeri ya serikali ni bure, na zile zinazoongozwa na jamii ya Kiislamu zimo. Najua, bado tunaombwa pesa huku na huku. Basi tuibishanie ku mkutano wa wazazi, tusimfunge mtoto nyumbani. Asipopita primeri hapati sertifika, na bila sertifika sekondari hawamupokei.

Na nyinyi mnaijua mizani ya dhahabu. Nani kati yetu hajaibiwa pale kwa sababu hesabu ilimushinda?

Kurani ibaki na mama, jioni, kama zamani. Shule zinafunguliwa Septemba. Mwenye kutimiza sita, tumuandikishe, hata kama ni musichana.