Visu vya Wenger: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Tangu Januari 2013, kampuni ya Victorinox ilipotangaza kwamba jina la Wenger linaondolewa kwenye visu vya mfukoni vya askari wa Uswisi, maneno yamekuwa mengi. Ukitoa mfukoni kile kisu chekundu chenye msalaba ndani ya mraba, hukosi mtu wa kukwambia kwamba umeuziwa bandia, au kwamba umekalia utajiri, au kwamba ukitupe kwa kuwa hakina mwenyewe tena. Mimi navikusanya visu hivi na kuvitunza, na yapo madai ambayo siwezi kuyaacha yapite.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili: eti Wenger ni nakala, Victorinox ndiyo halisi. Visu vya kwanza kabisa vya askari wa Uswisi, vya mfano wa 1890, vilitengenezwa Ujerumani, mjini Solingen, kwa sababu nchini hapakuwa na kiwanda cha kutoa visu vingi kiasi hicho. Karl Elsener wa Ibach, katika jimbo la Schwyz, mwasisi wa Victorinox, akaanza kulipelekea jeshi visu vyake mwaka 1891. Mwaka 1893 kikaingia kiwanda cha upande wa Jura, kwenye bonde la Delémont. Hicho ndicho kilichokuja kuchukua jina la Theodore Wenger. Schwyz wanazungumza Kijerumani, Jura wanazungumza Kifaransa, na serikali haikutaka upande wowote ujione umenyimwa. Mwaka 1908 ikaigawa kazi: nusu ya visu vya jeshi vitoke Ibach, nusu vitoke Delémont. Kwa miongo mingi baada ya hapo, askari wa Uswisi aliweza kukabidhiwa kisu cha kiwanda chochote kati ya hivyo viwili, na chochote alichopewa kilikuwa kisu halali cha jeshi. Anayesema Wenger ni bandia analipinga jeshi lenyewe.

Wengine husema Victorinox iliinunua Wenger ili iiue. Kununua ilinunua, mwaka 2005. Lakini mwuaji gani huyo anayemlisha mtu miaka minane? Baada ya Septemba 11, 2001, visu vilipigwa marufuku kwenye mizigo ya mkononi ndani ya ndege, na maduka ya viwanja vya ndege, yaliyokuwa soko zuri la visu hivi, yakakauka. Viwanda vyote viwili viliumia, Wenger ikalemewa zaidi, ndipo ikanunuliwa. Na hata jina lilipoondolewa kwenye visu, kiwanda cha Delémont hakikufungwa. Kiliendelea kutoa visu vya milimita 85, vya umbo lile lile la Wenger, vikiwa na nembo ya Victorinox. Jina la Wenger lingalipo kwenye saa na mabegi. Nami nasikitika kwamba halipo tena kwenye visu, lakini kusikitika hakunipi ruhusa ya kusema uongo.

"Kimeacha kutengenezwa, basi ni mali." Hapana. Visu vyekundu vya kawaida vya Wenger vilitolewa kwa wingi mno na vimezagaa duniani kote. Vinavyotafutwa ni vile vya askari vyenye mhuri wa mwaka, matoleo maalumu kama kile kilichopewa jina la mpanda milima Ueli Steck, na lile dubwana lenye vifaa 87 ambalo haliingii mfuko wowote. Muuzaji akikupandishia bei kwa sababu tu "havitoki tena", mwulize ni mfano gani.

Sasa tufike kwenye matunzo, maana huku ndiko visu vingi vinakoharibiwa na watu wenye nia njema. Wanasema chuma hiki hakishiki kutu, kwa hiyo hakihitaji kutunzwa. Chuma hiki kinachelewa kushika kutu. Hilo ndilo lililo sahihi. Kromiamu iliyomo hujenga utando mwembamba wa kukilinda, na chumvi huutoboa utando huo. Mtu wa Tanga au Mombasa akikatia ndimu, akakikunja kikiwa kimelowa na kukirudisha mfukoni mwa suruali yenye jasho, baada ya muda ataona vidoa vya kahawia kwenye kile kijishimo cha kuingizia ukucha na kwenye maungio. Dawa yake ni rahisi. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mswaki wa zamani, ufungue na kukunja kila kifaa ndani ya maji mpaka uchafu utoke. Kikaushe kabisa, kikiwa wazi. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ungio, fungua na ukunje tena: utaona weusi unachuruzika pembeni. Ufute, rudia mpaka mafuta yatoke meupe, halafu pangusa ubapa kabla ya kukatia chakula. Mafuta ya kupikia usitie kamwe. Yakikaa huganda yakawa gundi.

Na usikitunze muda mrefu ndani ya ala ya ngozi ukidhani unakihifadhi. Ngozi hunywa unyevu na kuushika hapo hapo kwenye chuma.

Dai baya zaidi la matunzo ni la kusugua: kwamba kisu kikipigwa msasa hadi king'ae kama kioo, bei inapanda. Inashuka. Pale chini ya ubapa, karibu na mpini, pamepigwa mhuri wenye jina la Wenger na Delémont. Kwa mkusanyaji, hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha kisu. Msasa na mashine ya kung'arishia huufuta, na kingo zilizokuwa kali zinabaki za mviringo. Mashine ya kunolea nayo ina hatari yake: ncha ikigeuka rangi ya bluu kwa joto, ugumu wa chuma pale umeondoka na haurudi. Noa kwa jiwe, kwa mkono, nyuzi 15 hadi 20 kila upande, taratibu. Mkasi wenye meno madogo, ambao Wenger walikuwa wakiuweka, usiuguse kwa tupa. Yale meno si ubovu wa makali. Ndiyo yanayoshika kitu kisiteleze, na ukiyalaza umeuua mkasi.

Dai lililobaki ni kwamba kikivunjika hakina vipuri. Vipuri viko ndani ya visu vingine. Nunua Wenger iliyovunjika ubapa lakini yenye mpini mzima, au kinyume chake, ila pima kwanza: mipini ya Victorinox ya milimita 91 haikai kwenye kisu cha milimita 85.